Fundi Disemba na kibubu kilichofunguliwa Julai

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, karakana bado ina kufuli, lakini foleni imeshapinda kona. Watu ishirini na watatu wamesimama, kila mmoja amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka, taulo au gunia la unga. Hakuna anayemwuliza mwenzake amebeba nini. Wote wamebeba kitu kimoja.

Ni tarehe 22 Disemba, siku ya kupasua vibubu.

Mwenye karakana anafika na msumeno kwapani. Ana miaka hamsini na minane, mfupi, nyusi zimejaa vumbi la mbao hata kabla hajagusa kazi. Mtaani hakuna anayelikumbuka jina lake. Anaitwa Fundi Disemba, maana kwa miaka kumi na tisa kila aliyemletea kibubu mwezi wa tatu au wa nane akilia shida amepewa jibu moja tu: "Disemba." Hata aliyekuja na machozi. Hata shemeji yake.

Siku kama ya leo huwa anatania kila mtu. Leo salamu anaziitikia kwa kichwa. Hajakata hata sanduku la kwanza na ameshatazama barabarani mara nne.

"Kuna sanduku moja sitaki kulikata," anasema kwa sauti ya chini, huku akinoa meno ya msumeno kwa tupa. "Na mwenyewe lazima atakuja."

Alianza kazi hii kwa aibu. Mwaka mmoja alitengeneza vitanda kumi na viwili na milango ambayo hata hakuihesabu, na Krismasi watoto wake wakanywa chai kavu. "Pesa niliipata, lakini ilipita tu kama mgeni anayeuliza njia," anakumbuka. Januari yake akajitengenezea sanduku lisilo na mlango, lenye tundu la kupitishia noti tu. Jirani akaliona, akataka lake. Mwaka huu ameuza vibubu mia moja na sitini, kila kimoja shilingi elfu sita. Kukipasua ni elfu moja.

Ni masanduku madogo ya mbao ngumu, yamefungwa kwa gundi na misumari iliyokatwa vichwa, kisha yakapigwa msasa na vanishi. Ukitaka kuyafungua, uyavunje, na ukiyavunja, nyumba nzima itajua. Wateja wake wananunua kitu hicho hasa: kizuizi kati yao na mikono yao wenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mteja yeyote. Ubao wa chini anauchomeka kwenye mfereji mwembamba. Anayejua misumari miwili ya kuanzia anaweza kuuchomoa kwa dakika kumi na kuurudisha bila alama. Anayejua ni yeye peke yake.

"Nilijiambia, ikitokea la kufa na kupona," anasema. "Miaka kumi na minane sikuugusa."

Mwaka wa kumi na tisa akaugusa.

Ilikuwa Julai, adhuhuri. Alikuja mwanamume mmoja anayejulikana mtaani kama Baba Pacha, mpakizi wa mizigo kwenye ghala, na kibubu ndani ya mfuko wa mchele. Kibubu chenyewe kilikuwa cha mkewe, Mama Pacha, anayefua nguo za watu nyumba kwa nyumba. Baba Pacha alisema mmoja wa mapacha amelazwa, mama yuko naye wodini, na yeye ametumwa pesa haraka.

Fundi Disemba alifungua kinywa aseme lile neno lake, lakini badala yake akanyoosha mkono kupokea sanduku. "Ugonjwa wa mtoto sijawahi kuuweza," anasema. "Mimi nilimzika wangu wa kwanza." Akachomoa ubao. Baba Pacha akahesabu laki moja na ishirini elfu, akaacha elfu kumi ndani, akaapa kuzirudisha kabla ya Disemba.

Wiki mbili baadaye fundi aliwaona mapacha wote wawili wakikimbiza mpira mbele ya karakana, wazima wa afya. Alipouliza kwa mbali, akaambiwa hakuna aliyelazwa. Tangu siku hiyo amekuwa akipishana na Mama Pacha mtaani, na kila mara amejifanya ana haraka.

"Ningesema siku ileile, lingekuwa dogo," anasema. "Nilinyamaza miezi mitano. Kila siku nikasema labda atarudisha."

Saa mbili kasoro, Mama Pacha anatokea.

Ni mwanamke mrefu, mwenye vidole vilivyonyauka kwa sabuni na sauti inayofika kabla yake. "Leo msinisalimie ovyo, mimi ni tajiri!" anaitangazia foleni, na foleni inacheka. Kibubu amebebewa na wifi yake, dada wa mumewe, binti wa miaka ishirini na minne anayeuza kwenye duka la madaftari na ambaye anaishi nao mwaka wa tatu sasa. Nyuma yao, hatua kumi hivi, anakuja Baba Pacha, mikono mfukoni.

Mama Pacha ana daftari la shule. Ndani amechora vistari hamsini, kimoja kwa kila Jumamosi aliyotumbukiza elfu tano. Jumla laki mbili na nusu. Matumizi yake anayajua kama sala: nauli ya watu wanne kwenda na kurudi kwa mama yake, ambaye hajamwona kwa miaka mitatu, laki moja; chakula cha sikukuu, elfu themanini; nguo za mapacha, arobaini; thelathini inayobaki, madaftari na viatu vya shule.

"Januari haitanikuta uchi mwaka huu," anasema.

Fundi anapokea sanduku. Anamtazama Baba Pacha juu ya bega la mkewe. Baba Pacha anatazama viatu vyake. Hapo fundi anajua kwamba hakuna kilichorudi. Hata hivyo anakata. Hata jioni hajui kwa nini hakusema palepale. Anasema alikuwa mwoga tu, basi.

Mama Pacha anaingia nyuma ya kipande cha plaiwudi, mahali ambapo watu huhesabia pesa zao kwa faragha. Anakaa muda mrefu. Foleni inaanza kunong'ona. Anapotoka, ameshika noti kwa mikono miwili.

"Laki moja na thelathini," anasema. "Nimehesabu mara tatu."

Anageuka polepole.

"Wifi. Hebu njoo hapa."

"Abee, wifi."

"Nani analala sebuleni, kibubu kilipo?"

"Mimi, wifi, lakini..."

"Na vile viatu vya mwezi wa kumi ulipata wapi?"

"Nilikopa kazini, wakanikata mshahara. Wifi, si nilikwambia?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, jamani!" Mama Pacha anaiambia foleni, na sauti yake inapasuka. "Nguo za watu nafua, za kwangu sikuzikung'uta. Leo hiihii unafunga virago vyako, unarudi ulikotoka. Na ukifika uwaambie kwa nini umerudi."

Binti analia sasa. Anamgeukia kaka yake. "Kaka, sema basi. Wewe unanijua. Mwambie."

Ndugu yake wa tumbo moja anavuliwa utu mbele ya umati, naye Baba Pacha anasugua ukucha kwa ukucha. Walionena kwamba haba na haba hujaza kibaba hawakutuambia lolote kuhusu kibaba kinacholala nyumba moja na mwanamume mwenye siri.

Fundi Disemba anaweka msumeno chini.

"Mama Pacha, mwache binti wa watu," anasema. "Hilo sanduku nililifungua mimi."

Anaeleza yote: mfuko wa mchele, mtoto wa kulazwa, ubao wa chini, mpira wa mapacha. Anaongea haraka, kama mtu anayetapika. Akimaliza, macho yote yanamhamia Baba Pacha, na sasa mwanamume yule hana tena viatu vya kutazama, maana mkewe amesimama mbele yake pua kwa pua.

"Walitupunguza ghalani mwezi wa sita," anasema hatimaye. "Niliona aibu kukwambia. Nikawa nashinda sokoni natafuta vibarua. Siku za kukosa... nilikuwa nachukua kwenye hiyo laki na ishirini. Nakuletea Jumamosi."

"Unaniletea nini Jumamosi?"

"Zile. Mshahara."

Inaonekana wazi usoni pa Mama Pacha jinsi anavyolifuata jambo hili hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Kwa hiyo," anasema, "Jumamosi nilipokuwa nakupikia vizuri na kukwambia ahsante baba, nilikuwa nakushukuru kwa pesa yangu?"

Mama Pacha anazipunga zile noti mbele ya uso wa mumewe.

"Halafu mimi nikatoa tano humohumo, nikairudisha kwenye sanduku, nikachora kistari?"

Mtu mmoja kwenye foleni anacheka, kisha anajiziba mdomo. Ni kweli inachekesha. Mwanamke amefua mashuka ya watu mwaka mzima, na nusu ya mwaka huo amekuwa akiweka akiba ileile kwa mara ya pili.

"Ungeniambia umeachishwa kazi, ningefua nyumba mbili zaidi," anamwambia mumewe. "Tungekula mara moja kwa siku. Krismasi tungeifuta, mama angenielewa. Sasa umenifanya nimtukane dada yako." Kisha anamgeukia fundi, na neno analomwambia halitasahaulika mtaani kwa haraka. "Na wewe, uliniuzia sanduku au uliniuzia mlango?"

Fundi analigeuza sanduku lililokatwa, ubao wa chini juu.

Foleni nayo inataka jibu. "Na langu je, fundi?" anauliza mwuza nyama, akiligeuza sanduku lake juu chini. "Na langu?" anadakia mama mwingine. Fundi Disemba anapanda juu ya benchi lake la kazi, anawaonyesha ubao wa chini na misumari miwili, siri yake ya miaka kumi na tisa, na anaapa kwamba amefungua moja tu. Baadhi wanaamini. Watu saba wanaondoka na masanduku yao, wakayavunje nyumbani kwa mawe.

Fundi anatoa pochi. "Laki na ishirini nitalipa mimi. Si leo yote, lakini nitalipa."

"Hukula wewe," anajibu Mama Pacha. "Atalipa aliyekula. Kuanzia kesho, na ataniambia kila siku ametoka wapi."

Baada ya hapo anafanya lililo gumu zaidi. Anamwendea wifi yake, ambaye ameketi juu ya rundo la mbao, uso umefichwa kwenye magoti. Anapiga magoti kwenye vumbi la randa, mwanamke mzima mbele ya binti.

"Nisamehe, wifi yangu. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na wewe huna kosa."

Binti anafuta machozi kwa kiganja.

"Imeniuma, wifi," anasema.

"Najua. Nauli ya wanne ipo, na thelathini ya kula njiani na huko. Nguo mpya hakuna, watavaa za shule, mama hatazitazama. Hao wanne ni mapacha, mimi na wewe. Kaka yako ana kazi ya kutafuta kazi."

Baba Pacha anaitikia kwa kichwa. Anajitwika sanduku lililokatwa na kutangulia njia ya nyumbani peke yake. Wifi na wifi wanafuata baada ya kitambo, hawajashikana mikono, lakini wanatembea sambamba.

Kufikia saa kumi alasiri karakana imetulia. Siku kama hii mwaka jana fundi alikuwa ameshaandikisha oda hamsini na nne za vibubu vya mwaka mpya. Leo ana tisa. Anakiri kwamba Januari itambana, kwa sababu mwezi huo hakuna anayenunua kitanda, na vibubu ndivyo vinavyomlisha yeye, mkewe na wajukuu wawili.

Mkewe, aliyemletea chakula na kusikia habari zote njiani kabla hajafika, hamwonei huruma sana. "Mimi nimelala naye miaka thelathini na mmoja, na huo ubao wa chini naujua leo," anasema. "Nimemwambia, kama kuna kingine atoe leoleo, tusihangaike."

Hakuna kingine, anasema mumewe. Ila mpango upo. Kuanzia mwaka ujao mfereji wa chini haupo tena. Kila kibubu kitafungwa mchana, mbele ya mteja, na msumari wa mwisho ataupiga mwenye pesa. Fundi hatakuwa na njia ya kuingia, mtoto awe mgonjwa au mzima. "Mtu akija na la kufa na kupona, nitamkopesha changu," anasema. "Cha mtu sitakigusa. Hata nikitaka, nisiweze."

Tayari ameshachagua mbao za sanduku la kwanza, nzuri kuliko zote alizonazo, ingawa hakuna aliyeliagiza. Mama Pacha anarudi kutoka kwa mama yake tarehe tano Januari. Fundi Disemba anasema tarehe sita asubuhi atakwenda kwake na mbao hizo, gundi na nyundo, wajenge pamoja mlangoni kwake, bure.

Na kama Mama Pacha hataki kumwona?

Fundi anafuta vumbi kwenye nyusi.

"Akinifukuza," anasema, "nitarudi tarehe saba."