Pindeni Kushoto Pale Bulugamu

Mzee Ongeri alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayewaelekeza wageni wa kutoka ng'ambo, alivaa koti. Jua la Sotik lilikuwa linawaka, naye alikuwa ameketi kwenye veranda ya nyumba yake akipukuchua mahindi, lakini aliinuka akavaa koti. Mkewe, Esnah, akamuuliza kama kumetokea msiba. Akamjibu kwamba hakuna msiba, kuna kazi. Esnah akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akasema kazi gani hiyo ya kumwita mtu aliyestaafu zamani, au wanatafuta mlinzi wa usiku.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mkutano wa mashirika ya kiraia, yale yanayopigania haki za wafanyakazi wa chai na wakulima wadogo, na wajumbe walikuwa wanatoka Malawi, Uganda, India na hata Ulaya. Mkutano ungefanyika katika kituo cha mafunzo cha kanisa moja, juu ya kilima, ukishapita Kabianga. Barabara ya lami ilikuwa imechimbwa kwa matengenezo, na ramani ya simu nayo ilikuwa inampeleka mtu moja kwa moja mpaka kwenye daraja lililobebwa na mto. Njia iliyobaki ni ile ya ndani, inayokatiza kwenye chai ya kampuni. Nelvine, binti aliyekuwa katibu wa maandalizi, akauliza ni nani anayeijua njia hiyo vizuri, na kila mtu akasema ni Ongeri, yule aliyekuwa dereva wa lori la majani.

Na kweli aliijua. Huyu mzee alizaliwa ndani ya chai. Baba yake alitoka milima ya Kisii kwa miguu, hana kiatu, akaandikwa kazi ya kuchuna majani na kupewa chumba kambini. Siku hizo kambi za wafanyakazi zilikuwa zimejaa watu kila upande. Hiyo ya kwao ilikuwa na nyumba za duara zilizopakwa chokaa, bomba moja la maji ambalo akina mama waligombania kila asubuhi, uwanja wa mpira, na king'ora kilichowaamsha watu wote, hata wasio na kazi. Pale njia panda palikuwa na mstari wa mikaratusi mirefu, ile miti ambayo sisi wa huku tunaiita bulugamu. Ongeri alitambaa hapo, akabebwa mgongoni mwa mama yake huku mama anachuna, akakua akawa taniboi, utingo wa lori, kisha dereva. Jamani, maisha yalikuwa magumu, lakini ukimsikiliza akiyasimulia utadhani alikulia hotelini. Jumapili kulipikwa wali, kwaya tatu zikashindana kanisa moja, na harufu ya chai kutoka kiwandani ikashuka jioni mpaka kwenye blanketi. Alipapenda mahali hapo kuliko mahali popote duniani, na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo.

Shida yake ilikuwa moja. Hapo alipopapenda, hakuna aliyewahi kumwita mwenyeji. Kericho walimwita mtu wa Kisii. Akienda Kisii kwa mazishi, binamu zake walimwita mtu wa Kericho, wakacheka lugha yake waliyosema imechanganyika na Kikipsigis kama mahindi na maharagwe ya githeri. Akiulizwa kwao ni wapi, alikohoa kwanza. Ndiyo maana siku ile alivaa koti. Kumpokea mgeni na kumwonyesha njia ni kazi ya mwenye boma, na hii ilikuwa mara ya kwanza watu wa pale kumpa kazi hiyo.

Kikao kilifanyika mjini Kericho. Miongoni mwa wanakamati alikuwako Mzee Kipngetich, mkulima wa chai na ng'ombe wa karibu na Kabianga, mtu mwenye shamba zuri na ulimi usiopumzika. Yeye na Ongeri walikuwa wanajuana tangu ujanani, kule kujuana kwa kusalimiana na kupita. Ongeri alipoingia, Kipngetich alimpa mkono vizuri, kisha akawageukia wenzake akicheka. "Sasa hii ni maajabu," akasema. "Mgeni ndiye anaonyesha wageni njia."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumaliza maneno. Ongeri naye akacheka, lakini ilimchoma. Alikaa akijiambia kwamba wageni wakifika salama, basi, atakuwa amewapokea yeye, na hakuna atakayemnyang'anya hilo. Wakipotea, Kipngetich atakuwa amesema kweli mbele ya watu.

Nelvine akafungua kompyuta, mzee akaanza kutoa maelekezo. Alianza mbali. Wageni waambiwe wabebe sweta, hata kama wametoka Kisumu wakitiririka jasho, kwa sababu wakishapanda huku baridi itawashika bila salamu. Waje na viatu vya kukanyaga matope, hivi vyeupe vyao wavifunge kwenye begi. Asubuhi itakuwa na jua zuri la kuwadanganya, na baada ya chakula cha mchana mvua itanyesha, pengine na mawe, kwa hiyo gari liwe limeshapita kwenye chai kabla ya hapo, maana udongo mwekundu ukilowa hauna huruma. Wasipige picha watu wanaochuna bila kuwaomba, hao si maua. Chai ya huku inachemshwa na maziwa pamoja, kwa hiyo mtu asiombe maziwa kando, na akiongezwa kikombe anywe. Wakiingia mahali wasalimie kila mtu kwa mkono, hata kama wana haraka, kwa sababu asiyesalimia huku hasaidiwi.

Nelvine alikuwa anaandika huku anatabasamu. Kisha wakafika kwenye njia yenyewe, na hapo Ongeri akafumba macho. Waingie kwenye barabara ya kampuni, wapite banda la kupimia majani, waende mpaka waone mstari wa bulugamu, wapinde kushoto pale bulugamu. Wapite kambini, uwanja wa mpira ukiwa kulia, wafuate njia ya kando ya nyumba za duara, wapande kilima, wamefika. Mtu hawezi kupotea hata akiwa amefumba macho. Nelvine akayasoma maelekezo yote kwa sauti mbele ya kamati, na kamati nzima ikaitikia kwa kichwa. Kipngetich alikubali pia, akasema njia ni hiyo hiyo. Yakatafsiriwa, yakatumwa.

Siku ya wageni, Ongeri alifika kituoni mapema kwa njia ya miguu ya upande wa Kabianga, koti limepigwa pasi na Esnah mwenyewe, akasimama getini. Magari mawili yaliyotoka Nairobi na madereva wa Kericho wanaoijua njia yalifika bila shida. Gari moja, lililotoka uwanja wa ndege wa Kisumu, halikuonekana. Watu wakala, wakamaliza. Mawingu yakaanza kuja. Nelvine akapiga simu, akampata dereva, kijana anayeitwa Phelix, mtu wa Kisumu ambaye chai yote aliyoijua ni ya kwenye kikombe. Phelix alisema kwa heshima kwamba amezunguka mpaka mafuta yanaelekea kuisha, na kwamba hajaona bulugamu, hajaona kambi, hajaona uwanja wala nyumba ya duara hata moja. Anaona chai. Mbele chai, nyuma chai.

Kipngetich alikuwa amesimama hapo hapo. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba aliwaambia. Kisha akachukua funguo za pikapu yake, akamwambia Ongeri aingie, wakawatafute watu wake.

Walishuka kilima. Ongeri hakuwa amepita njia hiyo tangu alipostaafu na kuhamia Sotik. Alikuwa amesikia mambo, ni kweli. Alisikia kwamba mashine za kuchuna zimeingia na watu wamepunguzwa. Alisikia kwamba kambi nyingine zimebomolewa. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na mtu akikataa kwenda kuangalia anaweza kuishi na habari kama hizo miaka mingi bila kuziamini. Alipokumbuka kambi yao, aliikumbuka na watu ndani yake.

Wakalikuta gari la Phelix katikati ya chai. Wageni walikuwa wameshuka, wamevaa sweta zao na viatu vya matope, wote watiifu kabisa, na karatasi ya maelekezo mkononi. Mmoja wao, mama mnene mchangamfu anayeitwa Chisomo, alikuwa mtu wa Malawi, naye alizaliwa kwenye chai ya kwao. Aliwapa wazee mkono mmoja mmoja, taratibu, kama alivyoelekezwa.

Ongeri alikuwa anaangalia nyuma yao. Chai ilikuwa imelala bapa, imekatwa na mashine ikawa sawa kama meza, kutoka barabarani mpaka kule bondeni. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na bomba, hapakuwa na uwanja, hapakuwa na mti hata mmoja. Alijua kwamba hapo ndipo ilipokuwa kambi yao kwa sababu ya mwinuko wa kilima kile cha mbele tu, basi. Akashika mlango wa pikapu. Nilivyosikia kwa waliokuwepo, alisema polepole kwamba anaomba msamaha, kwamba amewapoteza wageni wa watu.

Kipngetich alikuwa na haraka ya mvua. Akamwambia Phelix ageuze gari aanze safari, yeye atafuata nyuma ili mtu asikwame. "Sikia vizuri, kijana," akasema, akinyoosha mkono mbele. "Enda moja kwa moja, halafu pinda kushoto pale bulugamu."

Phelix akatazama kule mkono ulikoelekea. Wageni nao wakatazama. Mama Chisomo akauliza, kwa upole tu na kwa Kiingereza, ni mti upi.

Mzee Kipngetich akabaki na mkono hewani. Huyu ni mtu ambaye alipita hapo kila wiki akipeleka majani yake. Aliona miti ikikatwa, aliona nyumba zikibomolewa, na kuni za bulugamu hizo hizo zilikuwa zimerundikwa kwenye yadi ya kiwanda mbele ya macho yake. Na bado alisema bulugamu. Sote huku tunasema bulugamu. Kamati nzima ilisikiliza maelekezo yale yakisomwa na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja wao, akikuelekeza leo, atakwambia ushukie kambini. Kipngetich akateremsha mkono, akavua kofia, akajikuna kichwa.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, na hakuna aliyeingia garini. Mama Chisomo akamgeukia Ongeri, akamuuliza kama hiyo kambi aliyoitaja kwenye maelekezo ndiko alikokaa. Ongeri akasema ndiko alikozaliwa. Mama huyo akauliza tena nyumba yao ilikuwa upande gani, na nadhani aliuliza kwa sababu kwao Malawi angependa mtu amuulize hivyo.

Ongeri akainua kidole amwonyeshe. Kidole kikaenda huku, kikarudi, kikaenda kule. Bomba lilikuwa wapi? Kama bomba lilikuwa pale chini, basi uwanja ulikuwa hapa, na nyumba ya mama yake ilikuwa mstari wa pili kutoka uwanjani. Lakini chini ni wapi, na mstari wa pili ni upi, kila kitu kikiwa chai? Alijaribu tena, akashindwa. Mzee wa watu, aliyesema mtu hawezi kupotea hata akiwa amefumba macho, alishindwa kuuona mlango wa kwao akiwa ameyafumbua. Akateremsha kidole, na wote waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona mtu mwenye huzuni kama ile.

Hapo ndipo Kipngetich alipoingia kwenye chai. Aliingia na suruali yake nzuri ya mkutano, akipasua katikati ya michai huku mvua inamnyeshea, akihesabu kitu fulani kwa midomo. Akatazama kilima, akasogea kushoto kidogo, akasogea tena. Kisha akasimama.

"Ongeri," akaita. "Ni hapa. Mlango yenu ilikuwa hapa. Mimi nilikuwa naletea mama yako maziwa asubuhi kabla ya shule, alafu ananipa ndizi imechemshwa. Alikuwa anakaa hapa hivi, kwa mlango, na wewe ulikuwa unalia uani hutaki kuogeshwa."

Ongeri alikuwa hajui. Miaka yote ile ya kusalimiana na kupita, hakuwahi kujua kwamba kile kitoto cha maziwa alichokuwa akikisikia mlangoni alfajiri kilikuwa Kipngetich. Aliingia kwenye chai na koti lake la pasi, akaenda mpaka pale, akasimama mahali mama yake alipokuwa akikaa, akalia waziwazi mbele ya wajumbe wa nchi za watu. Kipngetich akamshika bega, hakumharakisha.

Phelix alikuwa anaangalia mbingu. Mvua ilikuwa imekolea sasa na udongo umeanza kuteleza, akauliza kwa sauti kama waende au vipi. Kipngetich akamjibu kutoka kule kwenye chai, bila kugeuka.

"Waambie wageni wangoje kidogo," akasema. "Mwenyeji wao anakuja."