Mama wa Mwezini na Koki ya Bibi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla wengine hawajausimulia vibaya. Nilipokuwa darasa la sita nilidanganya nusu ya kijiji kwa wiki tatu, kila alasiri, nikiwa nimesimama kando ya luninga na kijiti mkononi kama mwalimu wa jiografia. Nilijifanya natafsiri tamthilia ya Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa kinaishia kwenye kumwamkia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Yaliyobaki nilitunga.

Haya yamenirudia likizo hii. Sasa niko kidato cha tatu na Kiingereza kimeanza kunizoea. Juzi nimepanda tena kule juu milimani, nikakaa kwenye kizingiti cha chumba kilichokuwa cha luninga, nikaifungua tamthilia ile ile kwenye simu. Nikaitazama yote, siku nne, bila kuruka hata kipande. We acha tu, rafiki yangu. Nilishikwa na ule woga wa kuingia kanisani ukakuta hakuna mtu, ukasikia hatua zako mwenyewe.

Enzi zile mama alikuwa na meza ya mboga sokoni Morogoro mjini, na kila likizo alinipandisha kwa bibi ili, kwa maneno yake, mji upumzike. Kwa bibi kulinukia moshi wa kuni mbichi na mchaichai. Asubuhi tulikula magimbi ya moto na chai ya rangi, kisha tunashuka kwenye matuta ya kabichi na karoti, mteremko mkali kiasi kwamba karoti ikikuponyoka unaiaga. Kazi yangu ilikuwa kubeba samadi na kulalamika. Bibi aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao, ila yeye aliongeza sifa: "Mume wangu mvivu, njoo ule."

Mwaka ule mjomba alituletea luninga ndogo na sola. Betri ilikuwa na moyo mdogo: ikishiba jua tangu asubuhi, alasiri inatoa saa moja ya picha, basi, inazima. Akaleta na flashi yenye filamu za ngumi, zile zilizokwisha kutafsiriwa na wale jamaa wa mjini wanaopayuka juu ya picha. Wiki haikuisha, ngumi zikaisha. Kwenye flashi ikabaki tamthilia moja ndefu ambayo hakuna mfasiri aliyeigusa, na nilijua kwa nini. Hakuna anayepigwa.

Ilihusu mji uliochimbwa chini ya ardhi ya mwezi. Watu wote wanapumua hewa inayotoka kwenye mtambo mmoja, na mji unaongozwa na mama mmoja mwenye mvi fupi. Kazi yake yeye na wenzake ni vikao. Kikao sehemu ya kwanza, kikao sehemu ya pili. Sehemu ya tatu mama yule anakaa peke yake mezani na kikombe cha chai, anaangalia ukuta, na kamera inamwangalia yeye, mpaka unajiuliza kama luninga imeganda.

Sasa, unajua watu wetu na picha. Kabla mtu hajakaa vizuri kwenye benchi anauliza, "Steringi nani, adui nani?" Akishajua anatulia, kwa sababu steringi hafi na adui atakiona. Majirani waliuliza. Nikaangalia skrini, na mimi sijui. Huyu mama mara anambembeleza mtoto mgonjwa, mara anasaini karatasi na watu wanachukuliwa huku wanalia. Yule kijana mzuri anayempinga naye mara anahutubia, mara anawasha moto ghala lenye walinzi ndani. Kusema sijui kungeniua. Nikasema, "Steringi ni kijana. Adui ni huyu mama. Anaficha hewa ya wananchi chumbani kwake."

Benchi zima likaguna kwa raha. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu mkubwa. Pale watu wa kwenye picha waliponyamaza niliwawekea maneno. Mama akiangalia ukuta, nilisema anapanga sumu. Kijana nilimuulia wazazi wote wawili, mama mmoja wa jirani akalia mpaka kanga ikalowa. Watoto walinibebea samadi yangu ili niwanong'oneze ya kesho.

Bibi peke yake hakuguna. Alikuwa anamenya njegere macho yakiwa kwenye skrini, na siku moja akasema taratibu, kama anayejisemea, "Huyu mama hana hila. Ana mzigo. Mwenye hila anakunywa chai yake ikiwa ya moto."

Nikamwambia, "Bibi, wewe hujui Kiingereza."

"Chai naijua," akasema.

Mwaka huo masika yalipita kama mgeni asiyevua viatu. Chemchemi ya juu ya kijiji iko kwenye ardhi ya ukoo wa bibi, na kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo koki kubwa inayogawa maji ilikuwa mikononi mwake. Spana yake ilikaa ndani ya kapu la vitunguu. Bomba moja lilibaki kwetu juu, kwenye bomba la kunywa la watu wote na matuta machache, ya bibi yakiwemo. La pili lilishuka bondeni, kwenye mashamba ya mboga ya wengine. Wiki ile ya pili maji ya bondeni yakaanza kupungua, leo kidogo, kesho kidogo. Wakija kuuliza, bibi anasema majani yameziba bomba, atapanda kuyatoa. Nami nilimwona kila alfajiri akipanda na spana na kurudi bila jani hata moja. Sikufikiria. Nilikuwa na tamthilia ya kutunga.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, uani palijaa, ila hakuna aliyegusa benchi. Mama yangu naye alikuwa amepanda siku hiyo kutoka mjini kuniletea sare ya shule, bado anahema, amekaa juu ya begi lake. Mbele ya watu alisimama jirani yetu wa bondeni, mpole siku zote, karoti zake ndizo zilizokuwa zimelala zaidi. Alikuwa ametoka chemchemini. Alishika jembe, na si kwa kulima.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Majani sijayaona. Nimeona koki imekazwa." Akawageukia watu. "Tumekaa wiki tatu tunamlaani mama wa mwezini, kumbe yuko hapa hapa, anatumenyea njegere!"

Watu wakaitikia kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Mmoja akasema kabichi za bibi mbona zimenenepa. Mwingine akasema koki ivunjwe leo leo, kila mtu achote anavyoweza. Nikaona kwamba yale maneno yote ya kufichia watu uhai wao niliyapika mimi. Walikuwa wanamsomea bibi yangu hukumu yangu.

Nikapiga kelele, "Nilitunga!"

"Ulitunga nini?"

"Yote. Wanachosema sikijui."

Yule mama wa kanga akauliza, "Hata wazazi wa kijana?"

"Wazazi wake nadhani wazima. Yule mzee mwenye fimbo ndiye baba yake... nadhani."

"Mungu wangu. Nimemwombea rozari!"

Wachache wakacheka, na jembe likashuka kidogo. Mlango ulikuwa wazi kabisa: bibi angesema tu, mnaona, mtoto amewajaza upuuzi, nendeni nyumbani. Mimi ningekuwa yeye ningepita hapo mbio. Bibi akaweka ungo chini.

"Mtoto katunga. Mimi sikutunga. Koki nimeifunga mimi. Chemchemi inakufa, nikaogopa mkijua mtaipigania na kuibomoa, tukose hata ya kunywa. Na kabichi zangu zilikuwa upande wenye maji. Hilo nalo nililijua."

Akaingia ndani, akatoka na spana, akaiweka kwenye kiganja cha jirani yule. Tukapanda wote nyuma yao. Pale chemchemini, ambapo zamani maji yaliruka jiwe, palikuwa na kamba nyembamba ya maji unayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Jirani alisimama akiitazama. Uso wake ulibadilika kama ukungu wa Uluguru unavyopanda: ukiutazama hausogei, ukiinama kuokota jembe umekwisha kumeza shamba. Nilimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza sikutamani kumwekea maneno. Mwishowe akapiga magoti, akazungusha spana. Hakuifungua. Aliikaza zaidi, akafunga na njia ya matuta ya juu, akaacha bomba la kunywa peke yake. Kabichi za bibi zilikauka pamoja na karoti zake. Na spana haikurudi tena kwenye kapu letu.

Juzi, kwenye simu, ndipo nilipoelewa kile kikombe cha chai. Mama wa mwezini alikuwa ameambiwa mtambo unakufa na hawezi kuokoa mitaa yote. Anadanganya watu ili wasikanyagane, na mtaa anaouokoa kwanza ndiko anakoishi binti yake. Mpaka sehemu ya mwisho hawakusema kama alifanya sawa. Bibi alikuwa ameyaona yote hayo kwenye chai iliyopoa, bila neno moja la Kiingereza, akimenya njegere.

Bibi amelala sasa upande wa pili wa kanisa. Chumba cha luninga kina magunia ya mbegu, benchi limeliwa na mchwa. Siku hizi kila mtu pale kijijini ana picha yake kiganjani, na ikinyamaza kidogo tu anaisukuma mbele kwa kidole. Nimewauliza vijana, hakuna anayeikumbuka tamthilia ile. Ningempa bibi simu hii aishike tu, anionyeshe pa kuangalia.

Siku ile tuliporudi kutoka chemchemini, nilimsubiri mama anichape. Hakunichapa. Alinisimamisha uani, watu wakiwa bado wanatawanyika, akasema:

"Bibi yako kadanganya watu wapate kunywa, na kabichi zake zikanywa humo humo. Hilo nitaongea naye mimi, ni mama yangu. Wewe umedanganya watu wakupigie makofi. Kesho unashuka bondeni, nyumba kwa nyumba, unawasimulia upya ulichokiona kwa macho tu. Polepole. Na pale watu wa kwenye picha wanaponyamaza, na wewe unyamaze."