Miguu ya Nyuma ya Benchi

Kwa miaka mingi Walubengo alikuwa mchora mabango pale mtaani Kianda, na mkono wake ulijulikana hadi Kawangware. Kichwa cha kinyozi, ng'ombe wa bucha, soda na mkate, vyote alivilaza ukutani kama chapati kwenye kikaango, na hakuna mteja aliyelalamika. Bango husomwa na mtu anayepita na haraka zake, halihitaji mgongo wala ubavu.

Halafu mwaka wa 1995 akanunua kitabu kikuukuu cha uchoraji. Kikamfunza kutia kivuli, na jinsi kitu kinavyopungua kadiri kinavyokwenda mbali na jicho. Bwana huyu alipagawa! Alichora sanduku ukatamani kulifungua. Akaapa kuachana na ngazi na mikebe ya rangi, awe mtu wa kuwachorea maseremala na wateja wao, ameketi, miguu chini.

Bahati ikabisha hodi. Kanisa moja karibu na kituo cha matatu cha Olympic lilitaka mabenchi ishirini. Walubengo akachora benchi lenye ubao wa kuegemea, likionekana kutoka mbele, juu kidogo, na kivuli chake sakafuni. Kamati ilichangamka, na Pasta akaupapasa mchoro kama anayetafuta mbao zenyewe. Wakasema leteni benchi moja la mfano. Likitupendeza, kazi yote ni yenu. Walubengo akaupeleka mchoro mbio kwa Nzuki, seremala wa Kawangware, mtu wa Kitui asiyependa maneno mengi.

"Sentimita moja ya karatasi ni kumi za mbao," alimwambia. "Na ufuate mchoro vile uko, Nzuki. Usiongeze, usipunguze."

Nzuki alitii. Ole wake Walubengo, alitii kabisa.

Jumamosi benchi likatuliwa kanisani mbele ya kamati. Lilipigwa vanishi likang'aa, lakini lilikuwa limelala chali. Miguu ya mbele ilikuwa sentimita arobaini na tano, ya nyuma arobaini, na ubao wa kukalia ulikuwa mfupi nyuma kuliko mbele. Pasta alipoketi na kuegemea, alijikuta anatazama mabati ya paa.

"Nzuki, umenimaliza!" Walubengo alinong'ona.

"Mimi? Nilipima na rula, bwana. Mguu wa nyuma kwa karatasi yako ni nne. Si ulisema nisiongeze?"

Walubengo akautazama mchoro upya. Ni kweli, miguu ile ilifupishwa na jicho lake kwa kuwa iko mbali, si na msumeno. Angemtupia seremala lawama, kamati ingemwamini, maana mchoro ulipendeza na benchi lilikuwa kituko. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Jameni, kosa ni langu," akasema kwa sauti. "Nzuki hana hatia."

Kisha akaomba chaki. Mtaka cha mvunguni huinama, naye akapiga magoti na kulichora benchi sakafuni kwa ukubwa wake halisi: likitazamwa kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni, kisha kutoka juu. Hakutia kivuli wala madoido. Kila mstari akauandikia kipimo chake. Nzuki akapitisha rula yake juu ya chaki, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hii sasa naelewa. Mguu ni mguu."

"Na ule mchoro mzuri?" Pasta akauliza, kama aliyenyang'anywa kitu.

"Ule ni wa macho yako, Pasta, ujue kile unanunua. Huu ndio wa msumeno."

Wote wakamgeukia Mama Rosebella, mwenyekiti wa kamati. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile bovu, ameegemea kabisa, viatu amevivua.

"Sawa, tengenezeni hizo kumi na tisa vile mmechora hapa chini," akasema. "Hii moja msiiguse, ni yangu. Na vile mahubiri ya Pasta ni marefu, mgongo wangu umetafuta kiti kama hii miaka sita."