Wageni Niliowaandika Kwenye Kumbukumbu

Kosa ni langu, na nililitenda kwa Kiswahili sanifu. Naomba nianzie hapo, maana ukinihurumia mapema utaniharibia ungamo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na ushee, naishi Mumbuni, na huandika makala ambazo msomaji wake mwaminifu ni mhariri. Chuo kikuu nilisomea lugha. Tasnifu yangu nzima ilihusu tafsida, yaani zile njia za heshima za kutaja jambo bila kulitaja. Nilipata alama nzuri sana!

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, akaniachia binti mmoja. Nitamwita Mwende, ingawa si jina lake. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya vyumba vitatu, na tulielewana vizuri hadi alipoingia gredi ya saba.

Hapo akaanza kuumwa na tumbo. Kila mwezi, siku tatu nne, haendi shule.

"Baba, leo siwezi. Ni tumbo."

"Hili tumbo lako lina kalenda?" nikamuuliza. "Mbona halikosei tarehe?"

Nilicheka peke yangu. Nilidhani ni mzaha mzuri, hata nikafikiria kuutumia kwenye makala. Ole wangu! Jibu lilikuwa ndani ya swali langu mwenyewe, nami sikulisikia.

Siku hizo pia nilianza kuona vipande vya sponji sakafuni chumbani kwake. Nikanunua dawa ya panya.

Sasa, shule yake ya umma ina baraza la ushauri wa afya ya wanafunzi. Ni wazazi wachache, mchungaji na nesi wa zahanati, tunaokutana kila muhula kumshauri mwalimu mkuu kuhusu maji, vyoo, chakula na magonjwa ya watoto. Mimi nilikuwa katibu. Akina mama waliniita Profesa, na sikuwahi kuwasahihisha.

Muhula mmoja tukapata bahati. Wafadhili wa kanisa fulani walisema watatugharimia jambo moja. Moja tu, tuliandike, tulitume.

Nesi hakufika siku hiyo. Akasimama Mama Syombua, mzazi mwenzetu anayewapikia wanafunzi muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Huyu mama akiita watoto jikoni husikika hadi barabarani, lakini siku hiyo alisema kwa sauti ya chini, macho mezani.

"Mimi niko na neno moja. Hawa wasichana wetu wakubwa wanatembelewa na wageni. Kila mwezi. Na wageni wakija, mtoto hana mahali pa kukaa nao, hana kitu ya kuwapokea, anaamua kubaki nyumbani. Profesa, hiyo tafadhali uandike vizuri. Kuna mwenye hana mama wa kumwambia."

Akanitazama. Wanaume tukatikisa vichwa kwa hekima. Mchungaji akaguna, "Usalama umezorota kweli."

Nami nikaenda nyumbani nikaandika vizuri! "Wasichana hutembelewa shuleni na watu wasiojulikana. Baraza linaomba geti imara, benchi la wageni na kitabu cha kusaini." Mwalimu mkuu alitia sahihi huku akiongea kwa simu. Barua ikaenda.

Wale wafadhili ni watu wa neno lao. Tulipokutana tena, geti la bluu lilikuwa limesimama, na kando yake benchi limeandikwa WAGENI kwa herufi kubwa. Akina mama walikuwa wamelipita wakidhani ni kazi ya serikali.

Nikasimama kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kwa sauti yangu ya redio. Nilipofika kwenye "watu wasiojulikana", mama mmoja akaziba mdomo kwa leso. Jirani yake akashindwa kabisa, akainamia meza mabega yakitikisika.

"Aiyaa!" akasema Mama Syombua. Yeye hakucheka. "Profesa, hiyo mgeni ni damu. Ni ile ya mwezi! Nilikuwa naomba pedi na kachumba kenye maji. Wewe umetuletea geti?"

Nesi akavua miwani. Mchungaji akatafuta kitu ndani ya Biblia yake.

"Na nilikuwa naongea juu ya Mwende wako," akaendelea, polepole. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu."

Alinisitiri, na mimi nikaupigia chapa ule usitiri wake nikautuma na mihuri!

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikaingia chumbani kwa Mwende, nikainua shuka. Kona ya godoro ilikuwa imekatwa kwa kisu, vipande vidogo vidogo, kama mtu aliyekuwa akikata mkate wa kumtosha wiki nzima. Panya hatukuwahi kuwa nao; hivyo ndivyo vilivyokuwa pedi zake.

Aliporudi nilijaribu kusema. Mimi, mtu wa maneno!

"Mwanangu, kuhusu ile hali... ile hali ya kimaumbile..."

"Baba, tafadhali. Nyamaza tu."

Kesho yake kisa kilikuwa kimefika shule nzima. "Niaje Mwende, mgeni wako amesaini kitabu?" "Mfungulie geti, asingoje kwa benchi!" Alivumilia wiki mbili. Kisha akampigia simu mama yake mdogo, anayeishi Syokimau.

Shemeji alikuja Jumamosi. Hakuketi.

"Mwaka jana alipoona damu mara ya kwanza, alinipigia mimi," shemeji akaniambia, huku Mwende akipakia nguo garini. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa nyumbani."

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa hapo."

Barua ya pili aliiandika Mama Syombua mwenyewe, mistari mitatu, kwa penseli. Wafadhili wakalegeza sharti lao la jambo moja, pedi zikaja, na chumba chenye maji kikapatikana nyuma ya maktaba. Wasichana wa wenzangu hawakosi shule siku hizi. Wangu naye hakosi, lakini ni shule nyingine. Nimenunua godoro jipya. Bado liko ndani ya nailoni yake.

Jumapili humpigia simu. "Niko sawa, Baba." Namuuliza amekula nini. Ananiambia. Kisha tunasikilizana tukipumua, mpaka mmoja wetu asingizie kwamba ameitwa. Mimi huwa nasema nimeitwa, na humu ndani hakuna wa kuniita!

Mwenzangu unayelea binti peke yako, nisikie. Usingoje akwambie, hatakwambia. Na mwanamke akisimama kikaoni akashusha sauti, weka kalamu chini, mfuate nje baadaye, umuulize amesema nini. Afadhali uonekane mjinga kwa mtu mmoja.

Halafu nenda dukani uitishe pedi kwa jina hilo hilo, bila tafsida, uziweke kabatini kwa binti yako, umwambie ziko pale. Utaona haya, najua. Kumbuka tu kwamba yeye anaona haya kukushinda, na ana miaka kumi na mitatu.