Mpira wa Katoni wa Darasa la Saba

Nilianza kufundisha hisabati miaka ya tisini, katika shule moja ya msingi huko Dandora iliyokuwa na watoto wengi kuliko madawati. Niliingia na bidii ya mtu aliyetoka chuoni juzi. Kila nilipomaliza kueleza jambo, nilishika chaki na kuuliza, "Kuna swali?" Darasa la saba lilinijibu kama kwaya, "Hakuna, Mwalimu." Jioni nikisahihisha kazi zao, niliona wengi hawakuelewa kitu.

Nilimweleza naibu wa mwalimu mkuu, mama wa makamo kutoka upande wa magharibi, aliyewajua watoto wa mtaa ule na wazazi wao pia. Alicheka.

"Ukiuliza hivyo wanajua unafunga somo," alisema. "Na wengine nyumbani wakiuliza sana wanaambiwa wanajifanya wakubwa. Hao hawatauliza. Wewe fundisha tu."

Sikuridhika. Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu wa michezo mpira wa ngozi, ule wa vipande vyeusi na vyeupe, nikauweka juu ya meza yangu.

"Leo mimi siulizi kitu," niliwaambia. "Nyinyi ndio mtauliza, chochote kuhusu huu mpira. Na si lazima jibu niwe ninalijua."

Walinitazama kama walioshuku mtego. Hatimaye mvulana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, tukimaliza tutaucheza?"

Waliangua kicheko, wakingoja nimkemee. Nililiandika swali lake ubaoni, kubwa, na alama yake ya kuuliza. Hapo mikono ikaanza kuinuka. Uzi wa kuushona wote una urefu gani? Hewa iliyo ndani ina uzito? Kwa nini ukilowa unakuwa mzito hivyo? Niliandika yote.

Kisha akasema msichana mmoja wa nyuma, binti wa dereva wa lori kutoka Ukambani, ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nimemsikia akiitikia jina lake tu.

"Mwalimu, mbona vipande vyeusi vina pembe tano, na vyeupe vina sita? Si wangetumia tu vya pembe sita wamalize?"

Niliugeuza mpira mikononi. Nilikuwa nimeona mipira kama ule tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza jambo hilo.

"Sijui," nilisema.

Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Yule msichana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa tutafanyaje?"

"Tujaribu tuone."

Kesho yake walikuja na katoni kutoka madukani. Tulichora kwa bikari, tukakata vipande vya pembe sita, tukavigundisha ubavu kwa ubavu sakafuni. Vililala vizuri sana. Tuliongeza vingine, vikazidi kulala.

"Hii imekataa kuinuka," alisema yule mvulana wa mbele. "Hii ni mkeka."

Msichana alichutama kando ya mkeka ule, akaweka kidole mahali pembe tatu zilipokutana. "Hapa pamejaa," alisema. "Hakuna nafasi ya kujikunja." Akatoa kipande kimoja, akaweka cha pembe tano mahali pake. Ukabaki upenyo mwembamba. Aliposogeza kingo zikutane ili azigundishe, katoni yote ikainuka taratibu, ikawa bakuli mikononi mwake.

Sikumbuki nani alianza kupiga makofi. Nakumbuka tu kwamba nilipiga pia, na kwamba kelele zile zilimleta naibu wa mwalimu mkuu mlangoni. Alikuta nusu ya darasa wako sakafuni.

"Hili ni somo gani?" aliuliza.

Nilitaka kujieleza, lakini watoto waliniwahi. Walimwonyesha mkeka, wakamwonyesha bakuli, wakamfafanulia pembe zinavyojaa na zinavyobakisha upenyo, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nikaona uso wake umelegea.

"Na mkiweka cha pembe saba?" aliuliza.

Hakuna aliyejua, nami nikiwemo. Tulikata kimoja. Safari hii pembe zilizidi nafasi, zikasukumana, na katoni ikapindapinda juu na chini kama jani la sukuma wiki. Naibu alivuta kiti akaketi, akaigeuza ile katoni huku na huku, na somo la Kiswahili la darasa jingine likachelewa kwa sababu mwenye kulifundisha alikuwa kwetu.

Muhula ulipokwisha, wazazi walikuja kuchukua ripoti. Baba wa yule msichana alinitafuta, amevaa koti la kazi, na nikaona ana jambo la kuniambia.

"Mwalimu, mtoto wangu siku hizi ananihoji," alisema. "Jana ameniuliza kwa nini nyuma ya lori magurudumu yako mawili mawili. Nikamjibu. Akauliza, basi mbona mbele ni moja moja."

"Anakusumbua, Mzee?"

Alifikiri kidogo. "La. Ila siku hizi nikirudi nyumbani, lazima nije nimejitayarisha."