Maoni ya Hudhaifa Kuhusu Kilio

Hudhaifa alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, lakini ukimuuliza kazi yake angekwambia ni kutazama filamu na kuzitafutia makosa. Kila aliyoimaliza aliirekodia maoni kwenye grupu la WhatsApp la darasa, apende mtu asipende. Wiki ile alikuwa amekwisha kuzika mbili. Ya kwanza ya vita, iliyotafsiriwa na DJ: askari kapigwa risasi ya kifua, akapata nafasi ya kumsamehe adui, kumposa muuguzi na kueleza ramani ya handaki, ndipo akakata roho kwa ridhaa yake. Ya pili ya Dar es Salaam, mke wa fukara anaamka alfajiri kwenye kibanda cha makuti, wanja umekaa sawasawa. "Ufukara huo nami nautaka," alisema Hudhaifa, na darasa zima likacheka.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha ukumbini. Samiha, msichana wa Chake Chake mwenye kikundi cha maigizo, alikuwa ametoa filamu yake ya kwanza, akamwita aizungumzie mbele ya watu ikishaonyeshwa. Akizungumza vizuri, hadithi ya filamu ijayo ataiandika yeye. Hudhaifa hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyoitaka kazi ile. Alipiga pasi kanzu mara mbili, akamleta na bibi yake, Bi Mwanapili, kutoka Mkoani, aje asikie mjukuu aliyemlea anavyosikilizwa na watu wazima.

Sehemu ya msiba katika filamu hiyo ilipigwa picha Gombani, mbele ya nyumba aliyopanga Hudhaifa na wenzake, siku alipokuwa Unguja harusini. Mikeka imetandikwa, wanaume wamejiinamia, jeneza liko mlangoni. Majirani wakaja kutoa mkono wa pole, mmoja na mchele wake kabisa, kwani Pemba ukiona mikeka na jeneza huulizi, unavua viatu unakaa. Hudhaifa alisimuliwa hayo aliporudi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Taa za ukumbi zilipowashwa alishika maiki. Alisifu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetia samaki chumvi kabla ya kumkaanga.

"Ila pana yule bibi aliyejifunika kanga gubigubi, anagaagaa miguuni pa jeneza," alisema. "Nani kampa nafasi ile? Hata marehemu hamtaji jina. Neno moja tu analirejearejea, 'Nichukuweni mie, nichukuweni mie.' Jamani, mtu halii hivyo. Yule kajifunza msiba kwenye filamu za Kihindi."

Watu walicheka. Alisubiri wamalize, maana na kusubiri nako ni ufundi. Samiha ndiye ambaye hakucheka.

"Yule hakuigiza," alisema. "Alikuja na kikapu chake kumtazama mjukuu wake anayekaa nyumba ile. Akakuta jeneza mlangoni kwa mjukuu. Aliyeshika kamera hakuzima, nami sikumwambia azime. Tulipomwinua tukamwambia hapana maiti, alitupa ruhusa filamu itoke, ila akatukataza tusikwambie weye. Alisema kumtajia kijana kifo chake ni mkosi." Kisha akageukia safu za wanawake. "Bi Mwanapili, nimevunja ahadi. Nisamehe."

Hudhaifa alitazama huko. Mwanamke yule alimzika mumewe na macho makavu, akatandika mikeka ya wageni kwa mkono wake, akauliza nani bado hajala. Hudhaifa alikulia nyumbani kwake na hakuwahi kumsikia akilia, ndiyo maana sauti ile hakuijua. Sasa mhakiki mkubwa alikuwa na aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na ndani ya aibu ile furaha aliyoionea haya zaidi, kwamba kumbe anapendwa hivyo. Kazi ya kuandika hadithi ilimtoka akilini kabisa.

Bi Mwanapili alivuta ushungi wake vizuri, akaona mjukuu kasimama tu na maiki mbele ya watu wote wale, na nafasi inampotea.

"Endelea, mume wangu," alisema. "Nimetoka Mkoani kuja kukusikiliza weye."

Hudhaifa alitaka kuendelea, akalia mbele ya ukumbi mzima.