Dakika Tatu za Mwanahistoria

Jirani wa Bi Verlene ni mwanahistoria aliyeandika vitabu vinene juu ya siasa za Marekani, na hata ukimuuliza kama mvua itanyesha, huanza na marais waliokwisha kuzikwa. Huvua miwani, huifuta kwa ncha ya tai, kisha husema kwa sauti ya mimbarini, "Kwanza turudi nyuma kidogo." Mikono yake laini hupangapanga hewa kana kwamba inapanga vitabu rafuni. Bodi ya kaunti ilipotaka kukifunga kituo cha kupigia kura cha mtaa wao, ili wazee wasio na magari wakapige kura upande wa pili wa kaunti, Bi Verlene alimsihi awasemee, kwa kuwa wakubwa wale humheshimu.

Katika kikao cha bodi, kila raia hupewa dakika tatu za kusema. Mwanahistoria akasimama, akavua miwani, akaifuta. "Kwanza turudi nyuma kidogo," akasema, na Bi Verlene akafumba macho.

"Kituo, Profesa! Taja kituo!" alimnong'oneza kutoka nyuma.

Kengele ilipolia, Profesa alikuwa bado katika uchaguzi wa mwaka 1828. Mwenyekiti akamshukuru kwa darasa tamu, mikono ya wajumbe ikanyooshwa, kituo kikafungwa. Walipotoka nje, Profesa alimshika Bi Verlene bega kwa uchangamfu.

"Dhuluma hii itakuwa sura nzuri sana katika kitabu changu kijacho."

"Basi uiandike kwa herufi kubwa, Profesa wangu," akajibu, "maana wazee wetu wataisoma siku ya kura, wakiwa wamekaa nyumbani."